Barua Isiyo na Anwani: Mgomo wa Usafiri katika Mji Usio na Reli

Mhadhara wa wazi, Bukavu



Walioniita hapa walinipa mada iliyonichekesha. Walitaka niseme juu ya migomo ya reli na namna inavyowaumiza watu wanaosafiri kila siku kwenda kazini. Nikawauliza: reli ipi? Bukavu haina hata mita moja ya reli. Mzee mmoja wa kamati akanijibu kwa upole, "Mwalimu, ndiyo maana tumekuita." Jibu lile nimetembea nalo wiki nzima, na ninachowaletea jioni hii ni matokeo ya kutembea huko.

Reli ilikuwa inakuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mji huu ukiitwa bado Costermansville, kampuni iliyojulikana kwa kifupi kama CEFAKI ilitandika vyuma kutoka bandari ya Kalundu pale Uvira, ikapanda navyo bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Ni karibu kilomita 90. Nia ilikuwa kuliunganisha ziwa Tanganyika na ziwa Kivu. Lakini Kamanyola ndipo bonde linapokwisha na mlima unapoanza. Yeyote kati yenu aliyepita njia ya Ngomo, gari likilalia upande wa korongo na abiria wakiomba kila mmoja kwa dini yake, anaelewa kwa nini vyuma viliishia pale. Mizigo ilishushwa kwenye mabehewa ikapakiwa kwenye malori, ikaja Bukavu kwa barabara. Mwaka 1958 reli yenyewe ikafungwa.

Kuna jambo dogo hunifurahisha katika habari hii. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1958 na 1960, samaki wadogo walichukuliwa Tanganyika wakamwagwa katika ziwa letu, na wajukuu wao ndio sambaza tunaokula leo na fufu. Treni ilishindwa kupanda, dagaa wakapanda.

Tulichobakiwa nacho cha reli ni jina. SNCC, Shirika la Taifa la Reli lenye makao yake Lubumbashi, lina bandari hapa kando ya ziwa. Shirika la reli, bandari, ziwa, na hakuna treni. Wafanyakazi wake kule Katanga na Kalemie wanajua mgomo vizuri kuliko mimi, maana wamepitia miaka ya kudai mishahara iliyorundikana mwezi juu ya mwezi.

Sasa niseme mgomo wa reli ni kitu gani, kwa wale ambao hawajawahi kuuona. Nitaanza na ulio karibu nasi.

Reli ya Kati, itokayo Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu mwaka 1921 Wabelgiji walipewa sehemu yao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ikaitwa Belbase, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila usumbufu wa forodha. Basi treni ya Waingereza ilikuwa pia mlango wetu wa baharini. Mwaka 1960, wakati Kongo yenyewe inajiandaa kwa uhuru, wafanyakazi wa reli wa Tanganyika wakagoma. Chama chao kiliongozwa na kijana aliyeitwa Christopher Kasanga Tumbo. Waligoma siku 82. Hebu fikirini: zaidi ya miezi miwili na nusu, fundi wa injini, mpiga kengele ya stesheni, mfagiaji wa behewa, wote nyumbani, bila mshahara, wakidai mishahara iliyo bora.

Waliwezaje? Ujasiri walikuwa nao, lakini hata wanamotari wetu, waendesha pikipiki za abiria, wanao, tena wa kupita kiasi. Jambo la kutazama ni kwamba walikuwa na mwajiri mmoja. Aliitwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, ana meneja, ana mlango, ana meza ambayo barua inaweza kuwekwa juu yake. Kila siku treni isipotembea, hasara iliandikwa katika daftari la mtu anayejulikana kwa jina. Mgomo ni barua, ndugu zangu, ni barua ya mtu ambaye barua zake za karatasi hazikujibiwa. Na ile ya Tanganyika ilikuwa na anwani.

Mombasa hali ilikuwa hivyohivyo. Januari 1947 wapagazi wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumba ya Wazungu, watu kama 15,000, waliacha kazi kwa siku 12. Mji ulisimama. Serikali ikaunda baraza la usuluhishi chini ya jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, hakuachwa salama: mwaka uleule alikamatwa akapelekwa uhamishoni ndani ya nchi. Tumbo naye, baada ya uhuru, alitumwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akaanzisha chama cha upinzani, akaishia kizuizini. Na mwaka 1962 serikali ya Tanganyika huru ilipitisha sheria iliyoufanya mgomo halali kuwa jambo la karibu kutowezekana. Serikali zilizobebwa na wagomaji hadi ikulu ndizo huwaogopa wagomaji zaidi, kwa kuwa zinajua nguvu yao ilivyo.

Msinielewe vibaya. Simwimbii mgomaji wa reli nyimbo za sifa. Anwani ya barua ni ya mkubwa, lakini anayeibeba mgongoni ni abiria. Desemba 1995, Ufaransa, watu wa reli waligoma karibu wiki tatu dhidi ya mpango wa waziri mkuu Alain Juppé wa kubadilisha pensheni zao. Watu wa Paris walikwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli, kwa viatu vya magurudumu, wengine kwa mashua juu ya mto Seine. Juppé akaiondoa sehemu ile ya pensheni. Maumivu ya waliotembea kwenye baridi yalipanda ngazi hadi ofisini kwake. Lakini yalikuwa maumivu ya kweli, na hayakugawanywa sawa. Uingereza nayo, Juni 2022, wafanyakazi wa reli kama 40,000 walipoacha kazi na treni moja tu kati ya tano ikatembea, mtu wa ofisi wa London alibaki nyumbani na kompyuta yake, akanywa chai, akafanya kazi. Mfagiaji wa hospitali hakuweza. Anayewaogesha wazee katika nyumba za kulelea hakuweza. Sakafu ya wodi haifagiliwi kwa intaneti. Na baadhi ya wafagiaji hao ni wenzetu, watu wa Kongo, wa Uganda, wa Somalia, wanaoamka usiku wakati mji ule mkubwa umelala.

Basi hata penye reli, penye mwajiri, penye sheria, uzito wa kwanza huwaangukia watu ambao kazi yao haiwezi kufanywa wakiwa mbali. Nitawaita watu wa lazima, kwa kukosa neno lililo bora. Mtu wa lazima hapimwi kwa mshahara wake. Mimi, mwalimu wa chuo, nikikosa kufika kesho, wanafunzi wangu watashangilia. Mkunga asipofika, kuna mtu atakufa.

Turudi nyumbani.

Kwanza neno. Hapa Bukavu tukisema Kiswahili cha kila siku hatusemi mgomo, tunasema greve. Wachache wanajua neno hilo lilikotoka. Palikuwa na uwanja Paris, kando ya mto, ulioitwa Place de Grève, kwa kuwa grève ni ufuko wa mchanga na kokoto. Watu wasio na kazi walikuwa wakisimama pale asubuhi wakingoja mtu wa kuwapa kibarua. Baadaye neno likageuka, likawa la mtu aliye na kazi anayeiacha kwa makusudi ili adai haki. Yaani lilianza kwa mtu asiye na tajiri, likaishia kwa mtu mwenye tajiri.

Nendeni mtaani Essence kesho saa kumi na mbili asubuhi, au Nyawera, au Place de l'Indépendance. Mtaona vijana mia wamesimama na pikipiki zao, jile, yaani kizibao cha kazi, mwilini, mguu mmoja chini, wakingoja mteja. Hiyo ndiyo Place de Grève ya mwanzo, kabla neno halijageuka. Na sisi tunashangaa kwamba greve yao haifanani na ile ya watu wa reli!

Mgeni kutoka Dar es Salaam hushtuka akitusikia tukisema "nimepanda moto". Anadhani tumeungua. Kwetu moto ni pikipiki, na asubuhi ya mji huu inapanda moto. Mji wetu ni vilima na rasi, nyumba zimeng'ang'ania miteremko kama mbuzi, barabara za lami ni chache na mvua imezila. Basi haliwezi kuingia kwenye vichochoro vya Kadutu wala kupanda hadi milango ya Panzi. Moto inaweza. Ndiyo treni yetu, ila treni iliyokatwa vipande elfu, kila kipande na dereva wake, deni lake na hofu yake.

Deni hilo nataka tulitazame, kwa sababu hapo ndipo tofauti yote ilipo. Vijana wengi wale hawamiliki pikipiki wanazoziendesha. Wanazichukua kwa tajiri, na kila jioni wanampelekea versement. Mteja awepo asiwepo, mvua inyeshe isinyeshe, versement inadaiwa. Mtu wa reli akigoma, anapoteza mshahara wake na mwajiri wake anapoteza zaidi. Mwanamotari akigoma anapoteza chakula cha siku na bado anadaiwa. Anagoma dhidi ya tumbo lake mwenyewe.

Na tajiri ni nani? Hapa kuna kichekesho. Mara nyingi tajiri ni askari aliyenunua pikipiki moja ya Boxer. Au ni mwalimu aliyechangiwa likilimba na wenzake, zamu yake ilipofika akanunua pikipiki badala ya kuezeka nyumba. Au ni muuguzi. Namjua muuguzi mwenye moto mbili. Kwa hiyo siku wanamotari wakifunga barabara, yule anayetembea kilomita kumi kwenda wodini huenda ndiye tajiri wa pikipiki iliyolala uani. Barua imetumwa, imezunguka, imerudi kwa mwandikaji na kwa jirani yake. Haikufika popote.

Kwa nini wanagoma? Sitawaambia kwamba hawana sababu. Wanasimamishwa kila kona kwa vibali, vinyeti vya kodi, nambari za pikipiki, na bado wengine wanadaiwa kitu kisicho na risiti. Wenzao wanaporwa na kuuawa usiku. Petroli inapanda, na wakati mwingine inapatikana kwa kadafi tu, muuza petroli wa mtaani, katika vibidoni vya kando ya njia, kwa bei anayojisikia kudai. Zaidi ya mara moja wakuu wa mji wamekataza moto kutembea usiku kwa sababu ya usalama. Nia inaeleweka. Lakini usiku ndio wakati watoto wa mji huu wanapenda kuzaliwa.

Mambo ya siku hizi, tangu vita vilipofika mjini Februari 2025, sitayaingia. Kila mtu humu ndani ana simulizi yake, na ukumbi huu hauna mlango wa pili. Nitasema tu kwamba benki zilipofungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, mizigo yote ya maisha yetu iliongezeka juu ya magurudumu mawili na juu ya miguu miwili.

Sasa niwape siku moja. Haina tarehe, maana imetokea zaidi ya mara moja, na kila mmoja wenu anaweza kuitia tarehe yake.

Dada yangu ni mkunga. Anaishi Bagira, anafanya kazi katika kituo cha afya upande wa kusini wa mji; jina la kituo si lazima. Asubuhi hiyo alitoka saa kumi na moja na nusu kama kawaida, akakuta njia nyeupe. Hakuna moto. Penye maegesho palikuwa na tairi linafuka moshi na vijana wamekaa juu ya mawe. Mmoja alimtambua akamwambia, "Dada, leo hakuna kazi." Akamjibu, "Mwambie mtoto aliye tumboni." Kijana akacheka, lakini hakuwasha pikipiki. Angeiwasha wenzake wangemshusha, na yeye alijua, na dada yangu alijua.

Akaivua blauzi nyeupe akaikunja ndani ya mfuko wa plastiki isichafuke, akakaza kitenge, akashuka kwa miguu hadi Brasserie, akapanda, akafika Place de l'Indépendance, Nyawera, akapita Essence palipokuwa na mawe mengi zaidi, akaendelea. Njiani watu walikuwa kama wanatoka ibada ya Pasaka, barabara nzima inatembea. Mwalimu mmoja alibeba viatu vyake mkononi na madaftari kichwani. Fundi wa umeme alikuwa na ngazi begani. Alitumia zaidi ya saa mbili na nusu.

Watu wakisimulia siku kama hiyo husimulia mtembeaji. Mimi nataka mumwangalie aliyemngoja. Kule kazini kulikuwa na mkunga wa usiku. Zamu yake ilikwisha saa moja na nusu asubuhi. Hawezi kuondoka, kwa kuwa kuna mama wawili wana uchungu na mmoja damu inamtoka. Simu ya dada yangu haina umeme; usiku ule mtaa haukuwa na mkondo. Kwa hiyo mkunga huyu wa usiku hajui kama mwenzake anakuja saa hii au kesho. Ana mtoto wa miaka mitatu aliyemwacha kwa jirani, na jirani ni muuza mboga anayetaka kuwahi soko la Kadutu. Jirani akamfunga mtoto wa watu mgongoni akaenda naye sokoni. Mkunga wa usiku alipoachiliwa hatimaye, naye hakuwa na moto. Akatembea. Alipofika nyumbani hakumkuta mtoto, akashuka Kadutu kumtafuta kati ya vibanda.

Hakuna aliyekufa siku hiyo. Nasema hivyo kwa sababu wasimuliaji wanapenda kifo, na mimi sina. Yule mama wa damu alipona. Lakini hesabuni ni watu wangapi walilipa: wakunga wawili, mama wawili wa uchungu, muuza mboga, mtoto. Sasa niambieni, katika hao sita, nani mwenye uwezo wa kumpunguzia mwanamotari kodi hata senti moja? Nani kati yao anaweza kumkataza askari wa kona asichukue kitu?

Na wakati huohuo wale walioandikiwa barua, wenye kuamua vibali na bei, walipita kwenye njia ileile ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Vijana waliyasogeza mawe wenyewe kuwapisha. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Jiwe linamzuia mkunga, linampisha mkubwa. Ni greve ya ajabu.

Nisisahau kundi jingine, ambalo siku hiyo halikuona tofauti yoyote. Ni wale mama wanaoshuka kutoka Kabare alfajiri na mizigo ya mboga, mihogo na kuni, kamba imepita kwenye paji la uso, mgongo umepinda kama upinde. Wanatembea Jumatatu, wanatembea Jumanne, wanatembea greve iwepo isiwepo. Mji huu unalishwa na watu wasio na nauli. Tukizungumza juu ya usumbufu wa mgomo tunazungumza juu ya wale walio na hela ya moto siku za kawaida. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia, "Mwalimu, kwa mama yangu kila siku ni greve ya usafiri, ila hakuna anayeitangaza redioni." Sikuwa na jibu.

Tufanye nini basi? Kuna watakaosema: katazeni. Nawakumbusha kwamba Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 39, inaitambua na kuilinda haki ya kugoma. Ibara hiyohiyo inairuhusu sheria kuwekea haki hiyo mipaka penye ulinzi, usalama na huduma za lazima kwa taifa. Lakini mwanamotari si mtumishi wa huduma ya umma. Hakuna aliyempa mkataba. Huwezi kumdai huduma ya chini mtu ambaye siku za huduma ya juu hukumtambua isipokuwa kwa kumtoza. Ukimkataza kwa fimbo, atagoma kwa mawe, na tutarudi palepale.

Wafaransa, baada ya miaka mingi ya kugombana, walitunga sheria tarehe 21 Agosti 2007. Mtu wa reli au wa basi anayetaka kugoma anatakiwa amjulishe mwajiri wake saa 48 kabla, ili kampuni ijue ni treni ngapi zitatembea na iwatangazie watu. Sheria ile haikuua migomo. Ufaransa bado wanagoma kama kawaida yao. Ilichofanya ni kumpa abiria usiku wa kujipanga. Kwetu hilo tu lingekuwa jambo kubwa. Saa 48. Vyama vya wanamotari viko, vina marais, vina makatibu, vina mihuri mikubwa kuliko ya baadhi ya wizara. Wakikubaliana kusimama Jumatano, watangaze Jumatatu kwenye Redio Maendeleo. Dada yangu angelala kazini usiku wa Jumanne. Mkunga wa usiku angemwacha mtoto kwa bibi yake badala ya kwa muuza mboga.

Jambo la pili ni la hospitali, na hapa sitaki kuwafurahisha wakubwa wa hospitali waliopo. Mwajiri anayemtaka mkunga afike saa moja na nusu kila siku, mvua au jua, greve au amani, na hajawahi kujiuliza anafikaje, huyo naye ameandikiwa barua ile na hakuifungua. Kampuni ya pombe ina malori ya kusambaza pombe yake. Kituo cha afya kinashindwaje kuwa na moto mbili za zamu, zenye dereva anayelipwa kwa mwezi, si kwa mteja? Gharama yake si kubwa kuliko jenereta la ofisi ya mkurugenzi. Na dereva huyo, siku ya greve, avae jile ya rangi nyingine ambayo vyama vyenyewe vimeikubali, ili afike Essence na mawe yasogezwe kwa ajili yake, kama yanavyosogezwa kwa ajili ya vioo vyeusi.

Nimelizungumza hili na wanamotari watatu pale Nyawera, nikiwa juu ya pikipiki ya mmoja wao kwa kweli, tukiwa tumekwama kwenye tope. Wa kwanza alisema haiwezekani, kila mtu atajifanya muuguzi. Wa pili alisema mke wake alijifungua siku ya greve, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amefunga barabara. Alimbeba mkewe kwa toroli. Wa tatu hakusema kitu, ila tulipofika alikataa nauli.

Upande wa barua yenyewe, anwani yake inaweza kupatikana. Kama shida ni kodi za barabarani, mlango ni ofisi ya meya na ya mkoa. Kama ni versement, mlango ni wa matajiri, nao waorodheshwe wajulikane, hata kama katika orodha hiyo nitakuwamo mimi. Ndiyo, nina moto moja, inaendeshwa na kijana wa Panzi, na nikiri kwamba sijawahi kumsamehe versement siku ya greve hata mara moja. Nimeanza mwezi huu. Ilinichukua mhadhara mzima kufika hapo.

Nimeambiwa viongozi wa vyama viwili vya wanamotari wako humu ndani, na wakurugenzi wa vituo vitatu vya afya. Nawaomba msiondoke na wengine. Nimeweka karatasi na kalamu kwenye meza ile iliyo chini ya dirisha. Juu yake nimeandika mambo mawili tu: saa 48, na moto mbili kwa kila kituo cha afya. Njooni tuandike yaliyobaki kabla giza halijaingia, maana dada yangu ana zamu usiku huu, na bado hajui atafikaje.